Shajara ya mradi: kurudisha mimea ya asili kwenye matuta ya Nannu, Gozo

3 Septemba 2022. Shamba lenyewe

Shamba liko magharibi mwa kisiwa cha Gozo, nchini Malta, mwendo wa dakika arobaini kwa miguu kutoka pwani ya Dwejra. Ni matuta manne yaliyozuiliwa na kuta za mawe, yanashuka mpaka kwenye kibonde ambacho huwa na maji wakati wa mvua tu. Mwenye shamba ni mzee wa miaka themanini na tatu. Kazi yangu ya kila siku ni kumtunza mkewe, ambaye ni mgonjwa. Wajukuu wanamwita Nannu, yaani babu, nami nikaliokota jina hilo. Yeye ananiita "binti". Kwa Kimalta neno hilo maana yake ni binti yangu, na siku ya kwanza nililisikia nikageuka nikidhani kuna Mswahili nyuma yangu.

Shamba halijalimwa tangu alipoumia nyonga mwaka 2009. Juzi aliniambia, "Kama unaweza kulifanyia jambo, lifanye. Mimi sitalima tena." Nikamwomba niurudishe uoto wa asili badala ya viazi. Akakubali, kwa sharti kwamba nisibomoe ukuta hata mmoja.

Kwa asiyeijua nchi hii: Malta, Gozo na Comino kwa pamoja ni kilomita za mraba 316. Pemba peke yake inazizidi karibu mara tatu. Katika ardhi ndogo hivyo, yenye watu zaidi ya nusu milioni, kuna aina zaidi ya elfu moja za mimea ukijumlisha na iliyoletwa na watu, na baadhi yake haioti popote pengine duniani. Mimi ni mtu wa Pemba. Nimekua nikijua kwamba mpapindi wa msitu wa Ngezi ni wa kwetu tu, ukipotea pale umepotea. Ndiyo maana nilipoelezwa habari za mimea ya huku sikuhitaji kufafanuliwa sana.

Mpango: bondeni kutoa mbarika, matuta mawili ya kati kuondoa magugu yaliyoletwa, tuta la juu, lenye mwamba mtupu na udongo wa viganja viwili, kulirudisha kuwa *xagħri*. Neno hilo linasomeka kama "shari" lakini halina shari lolote: ni uwanda wa mawe ya chokaa wenye vichaka vifupi vya goti, vingi vyenye harufu nzuri. Bajeti ni euro 400 kutoka mfukoni kwangu. Muda ni Jumamosi alasiri.

24 Septemba 2022. Kuhesabu kabla ya kugusa

Alikuja mtaalamu wa mimea, mtu mwenye kibali cha kukusanya mbegu. Hili nalisema mapema kwa atakayetaka kuiga: mimea mingi ya asili ya huku inalindwa na sheria, na kuchuma mbegu bila kibali ni kosa hata kama mmea uko kwenye shamba lako. Tulitembea tuta kwa tuta na daftari. Tuta la juu lilitupa matumaini: vichaka saba vya *tengħud tax-xagħri*, Euphorbia ya Malta, ya jamii moja na manyara, ambayo haipatikani nje ya visiwa hivi, na mabaki ya *sagħtar*. Soma "saatar" na utaijua. Ni zaatari, ile ambayo nyuki wa Malta wanaitumia kutengenezea asali yao yenye sifa.

Jioni tulishuka Dwejra. Pale baharini limesimama jabali moja, Il-Ġebla tal-Ġeneral, ambalo Mashujaa wa Mtakatifu Yohana, waliotawala Malta zamani, waliliwekea walinzi. Mwaka 1746 Mkuu wao, Pinto, alipiga marufuku mtu kupanda juu yake bila ruhusa. Sababu ilikuwa mmea mwekundu uliosadikiwa kuwa dawa ya kuhara damu na majeraha, wakauita kuvu ya Malta. Si kuvu, ni mmea wa kimelea unaonyonya mizizi ya wenzake, Cynomorium, na unaota sehemu nyingi za Mediterania. Mtaalamu alinielekeza macho kwenye majabali ya upande wa nchi kavu, akanionyesha vishada vya majani ya kijivujivu kama vimemwagiwa majivu. Ile ni *sempreviva ta' Għawdex*, Helichrysum melitense, na makao yake duniani ni majabali haya ya magharibi mwa Gozo basi. Mlinzi aliwekwa kwa kilichopo kwingi, na kisichopo kwingine kikaachiwa upepo. Nililala nikiliwaza.

22 Oktoba hadi 12 Novemba 2022. Mbarika

Bondeni kulikuwa na mibarika (bara wanaiita minyonyo) thelathini na moja, mingine mirefu kuliko nyumba. Ni mti wa kwetu Afrika Mashariki. Nyumbani unaota uani na hakuna anayeuhofia. Hapa umejaa mabondeni na kuvinyima jua na nafasi vyote vilivyo chini yake.

Kosa la kwanza la mradi lilifanyika hapa, na ni langu. Nilikata matawi yakiwa na mashada ya matunda yaliyokwishakauka, nikayafunga kamba na kuyaburuta kupandisha hadi barabarani, kwa sababu gari la takataka halishuki bondeni. Matunda ya mbarika yakikauka hupasuka na kurusha mbegu mbali. Nilizisikia zikipasuka nyuma yangu, ta, ta, nikadhani ni vijiti vinavunjika. Baada ya mvua, tarehe 12 Novemba, nilikuta miche ya mbarika imeota kwa mstari uliopinda vilevile nilivyopinda mimi na mzigo wangu, kuanzia bondeni, kupita tuta la nne na la tatu, mpaka getini. Nilihesabu mia mbili kumi na tatu kisha nikaacha kuhesabu.

Njia tuliyoifuata baadaye, na ambayo ilifaa:

Anza na mashada. Yakate yangali mabichi, yatie moja kwa moja kwenye gunia lisilo na tundu, lifunge. Halafu ndipo ushike msumeno. Kisiki kikiachwa kinachipua, kwa hiyo subiri udongo ulowe, kichimbe na mtaimbo. Vaa glavu, na usiwaache watoto wachezee zile mbegu zenye madoa mazuri, kwani ndani mna sumu kali. Kisha rudi kila mwezi kung'oa miche, maana mbegu zilizolala udongoni hazioti zote msimu mmoja.

Gharama: glavu 14, msumeno 22, magunia 6. Jumla euro 42.

17 Desemba 2022. Jani la Kiingereza

Tumepanda tuta la juu miche kumi na miwili ya tengħud kutoka kitalu chenye leseni, euro 4 kila mmoja. Jumla sasa ni euro 90.

Matuta ya kati yalikuwa yamefunikwa na *ħaxixa Ingliża*, maana yake jani la Kiingereza. Ni Oxalis kutoka rasi ya kusini mwa Afrika. Ililetwa Malta mwanzoni mwa karne ya 19 kama mmea wa bustani, na kutoka bustanini ikatoka. Sasa wakati wa baridi Gozo nzima ni njano kwa maua yake, na wageni huipiga picha. Huku haitegemei mbegu. Kila mche una vitunguu vidogo chini ya ardhi, vingine kama punje ya mtama, na kila kimoja ni mche wa mwakani.

Nilikuwa na jembe na nilikuwa na nguvu. Nikalilima tuta la pili lote kwa alasiri mbili, nikaona udongo mwekundu safi, nikafurahi. Nannu alikuja kwa fimbo yake mpaka ukingoni, akatazama kwa muda mrefu. Akasema, "Binti, umezipanda."

Ndivyo ilivyokuwa. Wiki tatu baadaye zilirudi, tena sasa zimesambaa sawasawa kila shubiri, ambapo mwanzo zilikuwa kwa mafungu. Tumebadilisha mbinu. Tunazing'oa kwa mkono kati ya Desemba na Januari, wakati kitunguu cha zamani kimekwisha chakula na vipya havijakomaa, na pale zilipo nene tunatandaza maboksi ya kadibodi tabaka mbili na mawe juu. Ni kazi ya kurudiwa kila mwaka. Jembe limerudi stoo.

11 Februari 2023. Tufani

Tarehe 9 na 10 tufani ya Helios ilipita visiwani kwa mvua na upepo ambao sikuwahi kuuona tangu nije. Leo asubuhi nilishuka shambani nikiwa na wasiwasi juu ya miche ya tengħud. Yote kumi na miwili imesimama. Mimea ya mwambani inajua kushika.

Tuta la pili ndilo lililoumia. Udongo nilioulima ukabaki uchi ulitembea wote kuegemea ukuta wa chini, ukuta ukajaa maji, na sehemu ya mita tatu na nusu ikalala kwenye tuta la tatu pamoja na udongo wake. Chini yake, bondeni, pale nilipong'oa visiki vyote kwa mpigo, maji yalichimba mfereji wa kufika gotini. Udongo wa huku ni wa miaka mingi mno, watu wameupandisha matutani kwa vikapu. Nimeuona ukishuka bondeni kama chai ya maziwa, sina cha kuukinga nao.

Sitasahau hesabu hii: magugu niliyoyachukia ndiyo yaliyokuwa yameshikilia shamba. Kuanzia leo hatutoi kitu mpaka kiwepo cha kushika mahali pake. Tunakata kwa mikanda ya mita mbili kwa mita mbili tukirukaruka, tunafunika na matandazo ya nyasi kavu siku hiyohiyo, na visiki vya mbarika vilivyobaki ukingoni mwa maji tunavikata chipukizi tu hadi mimea mingine itie mizizi.

Machi 2023. Ukuta

Kuta hizi hazina saruji. Jiwe kubwa huenda nje, dogo hujaza tumbo, na maji hupita katikati. Zinalindwa na sheria tangu 1997, nami sasa najua kwa nini: zinashikilia udongo, zinaachia maji, na ndani yake wanaishi mijusi, konokono na mimea isiyopata nafasi kwingine. Jamaa mmoja alinishauri nimwage zege tumalize siku moja. Ungekuwa ukuta wa kuzuia maji, na tufani ya pili ungeanguka mzima.

Nannu alikaa juu ya kiti cha plastiki, mkono mmoja kwenye fimbo, akaelekeza kwa kidole. Lile. Siyo hilo, lile lenye tumbo. Ligeuze. Sasa lipige. Kila jiwe lililokaa vizuri lilitoa mlio mzito, na lililokaa vibaya lililia kama sahani. Akawa hata hatazami, anasikiliza tu. Jumamosi tatu kwa mita tatu na nusu. Fedha hazikutumika.

3 Juni 2023. Mbegu zinazoruka

Vichaka vya tengħud vimegeuka rangi ya machungwa na nyekundu, vinajiandaa kwa kiangazi. Matunda yamekomaa. Tengħud ni ndugu wa mbarika, wa ukoo mmoja, na ana tabia ileile: tunda linapasuka kwenye joto na mbegu zinaruka. Tofauti ni kwamba huyu yuko kwao.

Mara hii nilijua. Nilikata chandarua cha zamani vipande vya kiganja, nikashona vifuko, nikavifunga juu ya matawi kabla matunda hayajakauka, mtaalamu akisimamia na kibali chake mfukoni. Hatukuchukua zaidi ya sehemu ndogo ya kila kichaka. Siku kumi baadaye tulikuwa na mbegu 140. Kila moja ina kinundu cheupe kichwani, chakula cha sisimizi; sisimizi huibeba mbegu mpaka shimoni, hula kinundu na kuiacha mbegu mahali pazuri pa kuota. Nilikaa jiwe moja robo saa nikimtazama sisimizi mmoja akiivuta mbegu kinyumenyume kupita ufa wa mwamba uliokuwa kwake kama korongo.

Tahadhari. Nilikuwa nafungua kifuko, tawi likavunjika, nikajifuta jasho kwa mkono uleule. Maziwa ya tengħud yakaingia jicho la kushoto. Waliokulia kwenye ua wa manyara wanajua maumivu hayo. Nilisafisha kwa maji ya chupa robo saa nzima, bado nikalazimika kwenda zahanati, na siku mbili sikuona vizuri kwa jicho hilo. Miwani ya kinga ni euro 7. Inunue kabla ya glavu.

Mbegu zimekaushwa kivulini, zikawekwa kwenye bahasha za karatasi ndani ya chupa yenye mchele uliokaangwa na kupoa, ili uvute unyevu. Jumla pamoja na uzi na sindano: euro 102.

26 Agosti 2023. Niliyoyaua kwa huruma

Ingizo hili nimelikawiza wiki mbili kwa sababu linaniuma.

Julai joto lilipita nyuzi 40, umeme ukawa unakatika siku baada ya siku, nasi nyumbani tulikuwa tunamlowanisha bibi, mke wa Nannu, kwa vitambaa. Nikifika shambani naikuta miche yangu kumi na miwili ya tengħud haina jani hata moja. Vijiti vikavu, vyekundu, vinavunjika. Nikaona inakufa kwa kiu kama sisi. Nikaanza kuipelekea maji, ndoo mbili kila jioni, nikipanda nazo matuta manne baada ya kazi. Nilifanya hivyo siku ishirini na sita.

Haikuwa inakufa. Ilikuwa imelala. Hivyo ndivyo tengħud inavyopita kiangazi: inaacha majani yote, inajifunga, inangoja mvua za vuli. Mizizi iliyolala, kwenye udongo wa moto uliolowa, inaoza. Nilipouvuta mche wa kwanza ulitoka wote, na shingo yake ilikuwa laini kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Nilipoteza tisa. Watatu waliobaki walikuwa mwisho wa mstari, ambako ndoo ilikuwa ikiisha.

Vile vichaka saba vya asili, hatua kumi tu kutoka pale, vilikuwa na sura ileile kavu na hakuna aliyevimwagilia. Ningetazama huko kwanza. Sasa hiyo ndiyo kanuni ya shamba, nimeiandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: kabla ya kuutibu mche, utazame mzazi wake anafanya nini mwezi huo.

21 Oktoba hadi 18 Novemba 2023. Kitalu cha darini

Nyumba ya Nannu ina dari bapa, na kitalu kiko huko juu. Viriba ni maboksi ya maziwa yaliyotobolewa chini. Maji ya bomba ya huku yaliacha ukoko mweupe wa chumvi juu ya udongo, kwa hiyo tunatumia ya *bir*, kisima kilichochongwa chini ya nyumba kwa ajili ya mvua ya darini. Nyumba nyingi za zamani wanacho. Kitafute kabla hujalipia chochote.

Nilipanda mbegu 80 za tengħud kwenye mboji ya duka, mifuko mitatu ya euro 8. Zikaota 33. Ndani ya siku kumi 29 zikaanguka kwa ugonjwa wa kinyausi, shina limebanwa usawa wa udongo kama limefungwa uzi. Mboji ile inashika maji mno kwa mmea wa mwambani. Mbegu 60 zilizobaki nilizipanda Novemba kwenye mchanganyiko wa nusu udongo mwekundu wa shambani uliochekechwa, nusu mawe ya chokaa yaliyopondwa. Ziliota 23. Mchanganyiko huo haukugharimu kitu.

Zaatari nilikuwa nimeichuma Agosti. Mbegu yake ni vumbi. Trei ya kwanza nilizifukia kama mbegu nyingine na hakuna hata moja iliyoota; trei ya pili nilizinyunyiza juu juu na kuzikandamiza kwa kiganja, ikawa kama zulia.

Kosa la fedha la mwaka pia ni la mwezi huu. Nilikuwa na haraka ya kuliona tuta la tatu lina kijani, nikanunua dukani mirozmari kumi kwa euro 55 na miche sita ya *deru*, kichaka cha mastika, kwa euro 42. Rozmari na deru ni mimea ya asili ya Malta, nikajiambia ni sawa. Mtaalamu alipokuja akasoma vibandiko: vyote vililetwa kutoka nchi nyingine. Akanieleza kwa upole. Jina ni moja lakini damu si moja. Rozmari ya mwituni huku imezoea chumvi na chokaa ya hapa kwa vizazi, na wala si nyingi. Nyuki atachukua chavua ya ile ya duka na kuipeleka majabalini, na baada ya miaka hutaweza tena kuipata ya asili bila mchanganyiko. Isitoshe, udongo wa vyungu vya duka unabeba mayai ya konokono na mbegu za magugu ambayo kisiwa hakijayaona bado.

Nilizichimba zote kabla hazijachanua, na udongo wake, nikawapelekea marafiki mjini wenye vyungu vya roshani. Mahali pake tumepanda *għargħar* watano waliokuzwa kwa mbegu za Malta kutoka kitalu chenye leseni, euro 45. Huo ni mti wa taifa tangu 1992, na miti iliyoota yenyewe imebaki michache sana kaskazini mwa Malta. Una tabia isiyo ya kawaida kwa miti ya jamii ya misonobari: ukikatwa, kisiki huchipua. Huenda ndiyo iliyowaokoa hao wachache.

Watu huniuliza kwa nini sipandi *widnet il-baħar*, mmea wa taifa tangu 1973. Jina lake maana yake sikio la bahari, na ni mzuri kwelikweli. Makao yake ni kuta za majabali zinazotazama bahari, kusini mwa Gozo na kusini-magharibi mwa Malta. Shamba letu si jabali. Kuuweka hapa kungekuwa kwa ajili ya picha.

Wavu wa kuku dhidi ya sungura: euro 38. Jumla hadi sasa: euro 306.

9 Machi 2024. Konokono

Miche ya tengħud darini: 19 kati ya wale 23, pamoja na wale wanne walionusurika kinyausi.

Għargħar wawili walikuwa wamebaki vijiti. Nilidhani ni sungura, lakini wavu ulikuwa mzima. Ndani ya wavu nilikuwa nimewazungushia bomba la plastiki la kukinga upepo. Nilipolivua moja, nilikuta konokono kumi na mmoja wamejipanga kwenye ukuta wa ndani, midomo imefungwa kwa utando, wanangoja usiku. Nilikuwa nimewajengea nyumba yenye kivuli na unyevu, na chakula katikati.

Plastiki imeondoka; sasa upepo tunaukinga kwa mawe matatu upande wa kaskazini-magharibi. Usiku baada ya mvua napita na tochi na ndoo. Nannu anazichagua kubwa, anaziosha siku tatu na kuzipika kwa nyanya na vitunguu saumu, na anasema mradi huu sasa umeanza kuzaa. Għargħar wale wawili wamechipua kutoka chini.

9 Novemba 2024. Kupanda

Mapema mwaka huu tulinunua pipa la kukingia mvua hapo shambani, euro 60. Kiangazi viriba vyote vilikaa chini ya neti ya kivuli. Tengħud ilipoanza kuacha majani niliacha kumwagilia, isipokuwa kijiko kimoja cha maji kila baada ya wiki mbili kwa sababu kiriba si mwamba. Jumamosi moja mkono ulikuwa tayari umeshika ndoo, nikairudisha chini. Miche 17 imevuka kiangazi.

Tulingoja mvua ya pili. Ya kwanza hulowesha juu tu na inadanganya. Baada ya ya pili nilitia kidole udongoni mpaka kiungo cha pili, kikatoka na udongo, tukapanda: tengħud 17, zaatari 40, kila mmoja kwenye ufa wa mwamba au pembeni mwa jiwe, bila kuchimba shimo kubwa, bila mboji. Hatukumwagilia ila siku ya kupanda.

Bibi alifariki mwezi Septemba. Nannu aliomba zaatari mbili za mwisho zipandwe karibu na geti, mahali bibi alipokuwa akiketi kumenya maharage.

29 Machi 2025. Hesabu

Tengħud hai: 14 kati ya 17 za Novemba, pamoja na wale watatu waliosalia kwa ndoo kuisha. Zaatari 31 kati ya 40; mbili za getini zote zipo. Għargħar watano, wawili wafupi. Tuta la pili lina ħaxixa Ingliża kidogo kuliko mwaka jana, siwezi kusema zaidi ya hapo. Bondeni mbarika mikubwa imebaki minne, ile ya ukingo wa maji. Mfereji uliochimbwa na tufani umeanza kujaa nyasi.

Fedha: euro 366 kati ya 400. Katika hizo, euro 157 zilikwenda kwenye makosa niliyoyaeleza: mimea ya duka 97, tengħud tisa nilizoziozesha 36, mboji 24. Atakayesoma shajara hii kabla ya kuanza anaweza kubaki nazo.

Tengħud mmoja kati ya wale watatu wa kwanza umechanua, maua ya njano ya kijani, madogo. Matunda yatafuata.

Jumamosi ijayo: kung'oa miche ya mbarika kwenye ile njia, ambayo bado inaota kwa mstari, na kushona vifuko ishirini vya chandarua. Miwani iko kwenye mfuko wa mbele wa begi.